Alfred Wallis: Baharia Aliyepaka Meli kwa Rangi ya Meli

Jamani, niacheni kwanza nivute pumzi. Nimetoka sasa hivi Kettle's Yard, ile nyumba ya picha ya Castle Street mjini Cambridge, Uingereza, na nimejibanza hapa nje kuandika haya kabla moto wake haujanipoa. Sifa za Alfred Wallis nimezisikia miaka nenda miaka rudi, nami nikizipokea kwa mashaka, maana wakubwa wa sanaa wa Ulaya wana tabia yao: mtu akichora mistari mitatu iliyopinda, humwita bingwa. Basi leo nimemwona kwa macho yangu mawili, na nasema bila kumung'unya maneno: sijapata kuona chombo cha tanga kilichopakwa namna hii. Sijapata kabisa!

Hukumu naitoa mapema, nisije nikawaweka roho juu. Kama umewahi kupanda jahazi likikata mkondo, ukasikia mbao zikilia na maji yakigonga ubavuni, picha hizi zitakukamata shingo. Kama hujawahi, zitakupandisha chomboni bila nauli. Na zote zimepakwa juu ya vipande vya maboksi ya dukani, na mzee aliyeshika brashi kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 70.

Ndiyo, umesoma vizuri. Sabini!

Ni nani huyu mzee?

Wallis alizaliwa mwaka 1855 huko Devonport, mji wa gati za manowari kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwenyewe alisimulia kwamba aliingia baharini akiwa mtoto wa miaka 9. Mwaka 1876 alikuwa baharia wa skuna zilizovuka Atlantiki kutoka Cornwall hadi Newfoundland, safari za samaki waliokaushwa kwa chumvi, ng'onda hasa. Skuna si meli kubwa. Ni chombo cha milingoti miwili au zaidi, matanga yake yakifuata urefu wa chombo, na wafanyabiashara walikipenda kwa kuwa mabaharia wachache tu walitosha kukiendesha. Sasa fikiria chombo cha mbao cha ukubwa huo, katika maji yenye milima ya barafu inayoelea, na watu wachache wa kuvuta henza usiku wa manane.

Mwaka huohuo wa 1876 alioa mjini Penzance. Mkewe, Susan Ward, alikuwa mjane mwenye watoto, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20. Mwenye familia hawezi kuishi Newfoundland, hivyo Wallis akahamia kwenye uvuvi wa karibu na kwao. Mwaka 1890 familia ilihamia St Ives, mji wa wavuvi katika pwani ya kaskazini ya Cornwall, na huko akafungua duka la kununua na kuuza mabaki ya vyombo: vyuma chakavu, kamba, matanga yaliyokwisha kazi. Yaani hata alipotoka majini, mikono yake haikuacha kushika viungo vya meli. Kila mlingoti uliovunjika na kila tanga lililochanika pale bandarini lilikuwa na njia ya kufika mlangoni kwake.

Susan alifariki mwaka 1922. Mzee akabaki peke yake katika nyumba ndogo ya Back Road West. Mwaka 1925 akaanza kupaka picha, na sababu aliyoitoa ni ya kukata maini: alitaka kitu cha kumwondolea upweke.

Kadibodi, kadibodi, kadibodi!

Tuingie ndani sasa. Kwa wasioijua, Kettle's Yard ilikuwa nyumba ya kuishi watu. Jim Ede, aliyewahi kufanya kazi katika jumba la Tate la London, alichukua vijumba vinne vilivyochakaa katika miaka ya 1950, akaviunganisha, akavijaza picha, sanamu na mawe ya ufukweni, kisha kila alasiri akawa anawafungulia wanafunzi mlango waje kutazama. Mwaka 1966 aliikabidhi nyumba kwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Hadi leo mgeni anavuta kamba ya kengele mlangoni, anakaribishwa, na anaruhusiwa kuketi kwenye viti. Picha nyingi zimetundikwa chini, kiasi kwamba ukiketi ndipo mnapokutana uso kwa uso. Vipande vya Wallis walivyonavyo ni zaidi ya 100, ingawa si vyote vinavyotundikwa kwa wakati mmoja.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye meli, na kitu cha kwanza kilichonigonga ni umbo. Hakuna pembe nne zilizonyooka! Kipande hiki kimekatwa mshazari, kile kimechongoka upande mmoja, kingine kona imeliwa. Wallis alikuwa akipewa maboksi na muuza duka, naye alipaka juu ya kipande kama kilivyokuja, au alikikata alivyotaka mwenyewe. Halafu, na hapa ndipo nilipoanza kusema peke yangu kwa sauti, aliiacha kadibodi ifanye kazi. Pale inapopanda juu, meli nayo inapanda. Pale inapobanwa, bahari inabanwa, na chombo kinajikunyata kama paka aliyemwagiwa maji. Mchoraji wa chuoni huanza na turubai jeupe lisilo na habari. Mzee huyu alianza na kitu ambacho tayari kilikuwa na mwelekeo wake, akakifuata, kama mtu wa tanga anavyolazimika kuufuata upepo uliopo.

Na rangi! Hizi si za vijichupa vya duka la wasanii. Alitumia rangi za nyumba na za vyombo, zilezile zinazopakwa ubavuni mwa mashua kuzuia maji ya chumvi. Ndiyo sababu ziko chache: nyeusi, nyeupe, kijivu, kahawia, kijani cha giza, na buluu hapa na pale. Katika barua zake Wallis alishikilia kwamba picha haina haja ya rangi ambazo si mahali pake, na alilalamika kuwa wachoraji wengi wanazitumia kupita kiasi. Ukizitazama picha zake unampa haki. Meli nyeusi juu ya maji ya kijivu, na mstari mmoja mweupe wa povu chini ya omo. Umetaka nini tena?

Nilisogelea kimoja mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Ni chombo cha milingoti miwili katika bahari iliyochafuka. Ubavu umepakwa mara moja, mweusi mzito, na unaona kabisa brashi ilipoanza kwenye tezi na ilipoinuliwa kwenye omo. Milingoti ni mikwaruzo miwili, hakuna kurudia. Maji ni nyeupe na kijivu vilivyosukumwa pamoja vikiwa bado vibichi, na nyuzi za brashi zimeacha mifereji inayokwenda upande uleule mawimbi yanakokwenda. Katikati ya mawimbi kuna mahali ambapo hakupaka chochote kabisa: kadibodi tupu, kahawia, imeachwa iwe maji machafu ya ghuba yenye mchanga. Pembeni kuna tundu la msumari. Alikuwa akizigongomea picha zake ukutani kwa misumari mikubwa. Basi!

Meli zinajua zinakokwenda

Sasa nije kwenye hoja yangu, maana ndiyo iliyonifanya nikimbilie kalamu. Wachoraji wa meli ni wengi mno duniani. Wako wanaochora kila kamba na kila kapi kwa usahihi wa kupima, na kazi yao naiheshimu. Lakini mara nyingi meli zao zimesimama. Zimepozi. Upepo umechorwa kwenye bendera na haumo kwenye mbao. Kwa Wallis mambo ni kinyume. Kamba hachori zote, madirisha hahesabu, lakini chombo kinaendeshwa. Unaona upande wa demani umelala majini na upande wa joshini umeinuka. Unaona tanga limejaa na mlingoti umeelemewa. Unaona kwamba huko nyuma yuko mtu ameshika usukani, hata kama hakumchora. Huyu amepaka alichokijua kwa nyayo zake akiwa amesimama juu ya sitaha, na hilo halifundishwi darasani.

Aina za vyombo nazo hazichanganyi hata kidogo. Skuna ni skuna. Brigantini ni brigantini: mlingoti wa mbele una foromali za kukingama zenye matanga ya mraba, wa nyuma una tanga la kufuata urefu wa chombo. Kuna mashua za wavuvi wa Cornwall, matanga yao ya rangi ya kutu, kwa sababu yalichovywa katika maji ya magome ili yasioze. Kwetu pwani hilo linaeleweka bila kufafanuliwa. Wavuvi wetu nao wamechovya nyavu kwa magome ya mkandaa tangu enzi. Kuna meli za moshi pia, lakini utaona kabisa kwamba mapenzi hayako huko. Zimepakwa kwa adabu, basi. Matanga ndiyo yamepakwa kwa moyo.

Na bandari zake? Loo! Gati la St Ives limetazamwa kutoka juu, kama aonavyo mwewe, lakini vyombo vilivyofungwa humo vimetazamwa ubavuni. Nyumba zimepangwa kuuzunguka mji na nyingine zimelala chali. Mnara wa taa wa Godrevy, ambao kwa kweli uko kisiwani ng'ambo ya ghuba, unaweza kusogea karibu na kuwa mkubwa kuliko mtaa mzima. Mwalimu wa kuchora atasema mzee kakosea vipimo. Nahodha atazame picha hiyohiyo, atakuambia hivi ndivyo bandari inavyoingiwa. Usiku, unapotafuta mlango wa gati, mnara wa taa ndio kitu kikubwa kuliko vyote duniani, na nyumba ya tajiri ni nukta. Wallis alipima vitu kwa umuhimu wake kwa mtu aliyeko majini. Alipaka juu ya meza, kipande kikiwa kimelala mbele yake, hivyo kila upande wa ghuba uliweza kupata zamu ya kuwa upande wa chini.

Hizi ni meli za zamani, tena alizozifahamu

Jambo ambalo picha zenyewe hazikwambii moja kwa moja ni hili: mwaka 1925 Wallis aliposhika brashi, vingi vya vyombo hivi havikuwepo tena. Skuna za Newfoundland alizozifanyia kazi miaka ya 1870 zilikuwa zimeshindwa na meli za moshi. Mashua za wavuvi zilikuwa zimewekewa injini. St Ives yenyewe, ambayo zamani mtu angeweza kuvuka bandari kwa kurukia mashua hadi mashua, ilikuwa ikigeuka mji wa watalii na wachoraji. Mzee alimwandikia Jim Ede kwamba anachopaka zaidi ni mambo yaliyokuwepo, kutoka katika kumbukumbu yake, kwa sababu mambo yamebadilika na huenda yasionekane tena.

Kwa hiyo usidhani unatazama mandhari ya ufukweni. Unatazama historia iliyoandikwa na shahidi. Kazi yake iitwayo Voyage to Labrador, iliyoko Tate, ilipakwa katikati ya miaka ya 1930, lakini baridi iliyomo ni ya ujanani mwake, nusu karne na zaidi nyuma. Ndani ya nyumba hii pia kuna daraja la Saltash. Daraja hilo la reli juu ya mto Tamar, kazi ya mhandisi Brunel, lilifunguliwa mwaka 1859. Piga hesabu: Wallis alikuwa mtoto wa karibu miaka 4, akiishi jirani tu hapo Devonport. Miaka 70 na kitu baadaye likamtoka mkononi, kubwa mno, na mashua zikipita chini yake. Mtoto ndiye aliyeliona, mzee ndiye aliyelipaka, na ukubwa haukupungua hata inchi!

Yalipotokea maafa ya siku zake pia hakukaa kimya. Januari 1938 meli ya makaa ya mawe iitwayo Alba ilipanda ufukwe wa Porthmeor, nyuma kidogo tu ya mtaa wake, na boti ya uokoaji iliyokwenda kuwanusuru mabaharia nayo ikavunjika. Wallis, akiwa na miaka 82, akaipaka Alba. Baharia hakosi kuiona meli inayokufa.

Walivyomgundua, na shilingi zao

Agosti 1928, wachoraji wawili vijana, Ben Nicholson na Christopher Wood, walikuwa wakirudi kutoka ufukweni Porthmeor. Walipopita Back Road West, mlango wa nyumba moja ulikuwa wazi, na ndani, ukuta mzima, meli zimegongomewa kwa misumari! Wakabisha hodi. Sanaa ya Uingereza ikabadilika kidogo siku ile, maana Nicholson alijifunza hapo jinsi kadibodi tupu inavyoweza kuachwa iseme, na jinsi picha inavyoweza kuwa kitu chenyewe badala ya dirisha la kuchungulia kitu kingine. Wood alipaka mashua na bandari kwa shauku mpya, ila maisha yake yalikatika mwaka 1930 akiwa na miaka 29.

Nicholson ndiye aliyemwambia Ede. Tangu hapo vifurushi vikaanza kusafiri kwa posta kutoka St Ives kwenda London, vimefungwa kwa karatasi ya kaki na kamba. Ede alikumbuka kwamba vilifika hata na picha 60 kwa mpigo, yeye akachagua alizozimudu, na bei ilipangwa kwa ukubwa: shilingi 1, 2 au 3. Siku hizi zikipanda mnadani zinakwenda kwa maelfu kwa maelfu ya pauni. Sitaki kumlaumu Ede, ambaye bila yeye huenda kadibodi hizi zingeishia jikoni kuwashia moto. Lakini moyo unauma kidogo, nakiri.

Mwisho wa mzee haukuwa wa raha. Alikuwa mtu wa dini sana, msomaji wa Biblia, na uzeeni masikio yakawa mazito na hofu zikamwingia. Alisikia sauti, akawashuku majirani. Mwaka 1941 alipelekwa Madron, kwenye nyumba ya maskini, mahali alipopaogopa maisha yake yote. Hata huko aliletewa madaftari ya kuchorea akaendelea na meli zake. Alifariki Agosti 1942. Marafiki wachoraji walihakikisha hazikwi kaburi la fukara, na mfinyanzi mashuhuri Bernard Leach akamtengenezea kaburi la vigae: mzee mdogo mwenye fimbo anaingia mlangoni mwa mnara mkubwa wa taa. Liko makaburi ya Barnoon, juu ya ufukwe wa Porthmeor, na jirani yake mwaka 1993 likafunguliwa jumba la Tate St Ives. Kwenye vigae ameitwa msanii na baharia.

Kasoro? Zipo, tusidanganyane

Kwanza, nyumba hii haina vibao vya maelezo ukutani. Hivyo ndivyo Ede alivyotaka, na wengine wanapenda, lakini mgeni wa mara ya kwanza atatamani kujua hii ni bandari gani. Dawa yake ni kuwauliza wahudumu. Wanajua mambo yao na hawachoki kuulizwa.

Pili, usitegemee mpangilio wa miaka. Wallis hakuwa mtu wa kuandika tarehe, kwa hiyo nyingi zimekadiriwa tu, na hutaweza kufuata safari yake ya ufundi mwaka kwa mwaka. Tatu, ni picha ndogo. Anayetaka manowari za mita tatu, mizinga ikitoa moshi, aende kwingine. Nne, watu hamna, au wamo kama vijidoa. Mimi ningetamani nimwone mpishi wa meli, au mvulana yule wa miaka 9. Na tano, ukitazama nyingi kwa mkupuo mmoja zinaanza kujirudia: skuna, mnara, skuna, gati. Shauri langu ni kuchagua chache, uketi, uzitazame kwa utulivu, upumzike kwenye mambo mengine ya nyumba, kisha urudi.

Lakini kuna kasoro moja isiyo yake, nayo ndiyo inayonikera. Karibu kila anayemwandika humwita mtu asiyejua kuchora, mwenye moyo wa kitoto. Jamani! Mtu aliyejua tanga lipi lipunguzwe upepo ukizidi, aliyerudi salama kutoka Newfoundland, aliyejua mbao gani imeoza kwa kuigonga tu, huyo ana moyo wa kitoto? Alikuwa fundi wa fani moja aliyeihamishia fani nyingine. Hakujua kanuni za darasani, sawa. Na hao wa darasani hawakujua kufunga tanga.

Kwa nini sisi watu wa pwani tumtazame

Desturi ya baharia kuchora chombo chake si ngeni kwetu. Nenda Fort Jesus, Mombasa, ukatazame ukuta uliochorwa na Wareno waliokuwa lindoni karne ya 17: mkaa, udongo mwekundu, na meli, meli, meli. Askari wale nao walikuwa mbali na kwao, nao walichora kilichowaleta na kilichotarajiwa kuwarudisha. Magofu yetu kadhaa ya pwani nayo yana vyombo vilivyokwaruzwa kwenye lipu na mikono isiyojulikana.

Ila tazama tulichopoteza. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na tanga la mkeka, ulitoweka majini mwanzoni mwa karne ya 20. Leo tunaufahamu kwa mifano ya makumbusho, picha chache za kamera na maelezo ya wasafiri. Hatuna hata kadibodi moja iliyopakwa rangi na mzee aliyeulalia mtepe usiku wa kaskazi, akatuonyesha ulivyoinama, maji yalivyopenya kwenye mishono, na mnara gani ulikuwa mkubwa machoni pake alipokuwa akitafuta mlango wa Lamu. Vipimo tunavyo. Mtikisiko wake hatunao.

Na majahazi yetu yako njiani kuelekea kulekule. Yapo bado, lakini mengi yamefungwa mashine, na manahodha waliokwenda kwa tanga tupu, kusi na kaskazi, wamebaki wachache na wamezeeka.

Uamuzi

Nyota tano kwa tano, na kama kungekuwa na ya sita ningeitoa. Ukiwa Uingereza, fika Cambridge uvute ile kamba ya kengele. Angalia kwanza siku na saa za kufunguliwa nyumba, na ukiweza kata tiketi mapema. Ukiwa London, ulizia Tate kama Voyage to Labrador au The Blue Ship ziko ukutani wakati huo, maana hazitundikwi siku zote. Ukipata nauli ya kwenda mbali zaidi, St Ives yenyewe inakungoja, kaburi la vigae na ufukwe wake. Ukiwa Tanga, Pemba au Lamu, picha nyingi zipo kwenye tovuti ya Kettle's Yard na ya Tate, na hazilipiwi. Zitazame kwenye kioo kikubwa ukiweza, zile kona zilizoliwa zionekane.

Kisha ufanye jambo moja zaidi, nakuomba. Kama nyumbani kwenu au mtaani kwenu yuko mzee aliyewahi kuwa baharia wa tanga, usimngoje aje mtafiti wa chuo kikuu na kinasa sauti chake. Mtafutie kipande cha boksi na kopo la rangi iliyobaki ya mashua, umwekee mezani, umwambie: babu, nichoree chombo chako. Akisema hajui kuchora, mwambie Wallis naye alianza na miaka 70.